Mtunza Mkasi wa Sadikia

Nchi ya Sadikia haipakani na nchi yetu. Nalisema hili mapema, kabla chai haijapoa, ili asije mtu kuniuliza kama namsema fulani. Simsemi mtu. Nchi yenyewe iko mbali, watu wake wana tabia zao, na sisi huku tunawashangaa tu.

Wasadikia ni waungwana wenye sheria nyingi, lakini mbili ndizo wanazozionea fahari. Ya kwanza ni Sheria ya Uzinduzi: hakuna jambo la umma linaloruhusiwa kuanza kabla Mgeni Rasmi hajalikatia utepe. Lipo daraja lililokamilika miaka sita iliyopita, na wananchi wanavuka mto kwa kuogelea chini yake, kwenye kivuli, wakimsifu mkandarasi. Ipo wodi ya wazazi yenye vitanda arobaini ambavyo magodoro yake bado yana nailoni. Wajawazito wanajifungulia nje, kwenye veranda, mbele ya utepe, na hadi sasa watoto watatu wa mtaa ule wanaitwa Veranda.

Ya pili ni Sheria ya Makofi ya Taifa. Zamani watu walikuwa wakipiga makofi ovyo, kila mtu na mdundo wake, hadi Kiongozi Mkuu akalalamika kwamba anakatizwa. Ikapitishwa kwamba yapigwe makofi matatu, kifuate kimya cha pumzi moja, kisha matatu tena, kimya tena. Katika kile kimya Kiongozi anapata nafasi ya kusema. Watoto wanafundishwa chekechea, na asiyeweza kuhesabu hadi tatu hapandi darasa.

Katika nchi hiyo aliishi Daktari Tunu Malogo, mwanamke wa miaka thelathini na minane, mpole, mtafiti katika Taasisi ya Taifa ya Viumbe, mwenye tabia ya kujaza fomu kwa ukweli. Hiyo tabia ndiyo iliyomponza.

*

Tunu hakuwa na ndugu ila mdogo wake, Tausi, fundi cherehani. Tausi alizaliwa na moyo wenye kasoro. Ulikuwa ukipiga mara tatu, ukasimama, kisha ukakumbuka kazi yake ukaendelea. Mama yao naye alikuwa na moyo wa namna hiyo, na siku moja akichambua mchicha, moyo ulisimama ukasahau kukumbuka. Tangu wakiwa wadogo Tunu alizoea kulaza sikio kifuani mwa mdogo wake, akihesabu moja, mbili, tatu, halafu akibana pumzi yake mwenyewe hadi asikie tena moja. Siku hizi alibana pumzi kwa muda mrefu kuliko zamani. Aliogopa, na hakumficha mtu kwamba anaogopa.

Ndiyo sababu alikuwa na panya. Naomba msomaji anivumilie kwa sayansi kidogo, si ndefu. Panya akiwa bado ni kitone tumboni mwa mama yake, siku tatu nne tangu atungwe, ndani yake kuna seli ambazo hazijaamua zitakuwa nini. Zinaweza kuwa ngozi, zinaweza kuwa ubongo, zinaweza kuwa moyo. Wataalamu wanaziita seli shina. Ukizitoa ukazilisha kila siku, ukazigawa kila baada ya siku mbili zisibanane, na ukaziwekea matone ya dawa inayozizuia kuamua, zitaishi miaka na miaka zikiwa vilevile, changa, zinasubiri. Ukizisahau kidogo zinaanza kujiamulia, na iliyokwisha kuamua hairudi nyuma.

Tunu alizitia seli zake kasoro ileile ya Tausi. Kisha kwa miaka saba akakusanya jeni mia tisa na sitini, kila moja na kichupa chake. Alitaka kuzipandikiza zote kwa mkupuo: sahani kumi, kila sahani na vishimo tisini na sita, kila kishimo na jeni yake moja iliyofungwa ndani ya kitone cha mafuta ili seli iimeze bila kushtuka. Baada ya hapo angeziacha seli ziwe mioyo midogo, akae asikilize. Mioyo mia tisa na hamsini na tisa ingepiga mara tatu na kusimama. Mmoja tu, kama Mungu anafika Sadikia, ungepiga bila kusimama, na jeni ya kishimo hicho ndiyo ingekuwa mwanzo wa dawa ya Tausi.

Kazi hiyo kwa mkono ingemchukua miaka kumi na mmoja, na Tausi hakuwa na miaka kumi na mmoja. Ikaja mashine ya kudondoshea, msaada kutoka ng'ambo, yenye midomo tisini na sita inayodondosha kwa pamoja. Kwa mashine hiyo kazi yote ilikuwa ya asubuhi moja.

Bado sijasema habari ya akiba. Seli za akiba zilikuwa zimegandishwa ndani ya mtungi wa naitrojeni baridi. Nasema zilikuwa, kwa sababu mwezi uliotangulia Kamati ya Sherehe za Taifa ilikuja kuuazima ule mtungi ili moshi mweupe utoke jukwaani Kiongozi anapopanda. Moshi ulipendeza sana, watu wakasema Kiongozi ameshuka kutoka mawinguni. Mtungi ulirudishwa mkavu na barua ya shukrani ndani yake. Duniani kote, seli zenye kasoro ya Tausi zikabaki zile zilizokuwa hai ndani ya kabati la joto la Tunu, chupa moja na sahani kumi.

*

Sheria ilimtaka ajaze fomu. Penye swali "Shughuli itaanza lini?" aliandika Jumatatu. Penye swali "Mahali hasa itakapoanzia," mtu mwingine angeandika "Taasisi" akajiendea zake. Tunu aliandika: kwenye kabati la joto.

Jumatatu asubuhi alipofika maabara alikuta kabati lake limezungushwa utepe wa satini wa rangi za taifa, umefungwa kwa ua kubwa juu ya kitasa. Pembeni alisimama askari mmoja, Koplo Sudi, bunduki begani. Mbele yake alisimama Bwana Erasto Ngwilo, Afisa Itifaki Mkuu, mtu mnene mwenye heshima zake ambaye husema kana kwamba kila chumba kina kipaza sauti.

"Hongera, Daktari," alisema Bwana Ngwilo. "Mheshimiwa Waziri wa Uzinduzi ameridhia kuwa Mgeni Rasmi."

"Wa kuzindua nini?"

"Shughuli. Si umejaza mwenyewe?"

"Bwana Ngwilo, humo ndani mna seli hai. Zinatakiwa kula leo, na zinatakiwa kupandikizwa leo."

"Zitakula baada ya hotuba. Hata sisi tunakula baada ya hotuba."

"Mheshimiwa anafika saa ngapi?"

"Yupo njiani."

Huko Sadikia maneno haya hayaelezi mtu yuko wapi. Yanaeleza tu kwamba wewe usiondoke.

Kisha Bwana Ngwilo akafungua kisanduku cha mbao, akatoa mkasi wenye mpini wa rangi ya dhahabu, umelala juu ya mto mdogo wa mahameli nyekundu. Ulikuwa Mkasi wa Taifa. Kwa mujibu wa kanuni, mwenye shughuli ndiye Mtunza Mkasi hadi siku ya uzinduzi: alale nao, aamke nao, asiuweke chini mahali pasipo heshima, na asiutumie. Tunu akatia sahihi mara nne. Akaweka mkasi kwenye mfuko wa koti lake jeupe, na mto wake kwapani.

*

Jumatatu ikapita. Jumanne ikaja habari kwamba Mheshimiwa amechelewa kwa sababu anazindua Ratiba ya Uzinduzi, na ratiba haiwezi kumruhusu kuzindua kitu kingine kabla yenyewe haijazinduliwa.

Siku hiyo Tunu alilizunguka kabati akachungulia kwa nyuma. Kuna tundu dogo pale, limezibwa kwa kizibo cha mpira, ambalo mafundi hupitishia nyaya. Akamtazama Koplo Sudi.

"Afande, nikipitisha mrija hapa nyuma, nikazinywesha kidogo, utanifanya nini?"

Koplo Sudi alilitazama lile tundu. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, amebakiza miaka miwili astaafu.

"Daktari, amri yangu ni mlango," alisema. "Nyuma sikuagizwa." Akageuka akatazama dirishani.

Mrija ulifika kwenye ile chupa moja tu. Sahani kumi zilikuwa rafu ya juu, na hakuna mrija wa kulisha vishimo mia tisa na sitini kwa kubahatisha. Tunu alidondosha chakula chekundu ndani ya chupa, tone baada ya tone, akilia bila sauti kwa ajili ya zile sahani. Kisha akanyoosha mkono kuchukua dawa ya kuzuia seli zisiamue, asiione jokofuni.

Ilikuwa imepelekwa ukumbini. Kitengo cha Itifaki kilikuwa kimetandika Meza ya Vielelezo kwa ajili ya Mgeni Rasmi, na kwa vile kichupa kile kilikuwa na lebo ya kigeni inayong'aa, kilipewa nafasi ya heshima katikati ya maua ya plastiki, juani, chini ya kikaratasi kilichoandikwa KIELELEZO, USIGUSE. Dawa ile haikai nje ya jokofu hata nusu siku. Tunu alikigusa kichupa kwa kidole akakikuta cha moto. Mlinzi wa meza akamwambia asome kikaratasi.

Kwa hiyo seli za ile chupa zilipata chakula bila dawa. Zingeishi, lakini hakukuwa tena na kitu cha kuzizuia zisiamue.

*

Jumatano wakaja watu watatu wa Kamati ya Usalama, wamevaa suti za rangi moja. Walikuwa wamesoma fomu.

"Hapa umeandika seli hazijaamua," alisema mkubwa wao. "Hazijaamua nini?"

"Zitakuwa nini."

"Zina umri gani?"

"Zimekuwepo miaka saba."

Wakatazamana. Yule mkubwa akashusha pumzi. "Daktari, katika nchi hii kila mtu ameamua. Mimi niliamua nikiwa darasa la tatu. Na wewe umetunza humu, kwenye jengo la serikali, mamilioni ya viumbe ambavyo havijaamua, tena unavipa dawa visiamue?"

"Dawa imeharibika, Mheshimiwa. Wala msiwe na wasiwasi. Zinaamua sasa hivi tunavyoongea."

"Zinaamua upande gani?"

"Sijui. Ningejua kama ningefungua."

Kamati ilikaa kikao cha saa tatu palepale, ikatoa azimio: kufungua hairuhusiwi kwa sababu ya utepe, lakini elimu ya uraia inaweza kupenya chuma. Ikaletwa redio kubwa, ikawekwa juu ya kabati, ikapigishwa hotuba za Kiongozi Mkuu asubuhi hadi jioni pamoja na makofi yake. Tatu, kimya. Tatu, kimya. Tunu alidondosha chakula chake kwa nyuma akisikiliza mdundo ule, na mara mbili alilazimika kushika ukuta.

Alhamisi alikwenda wizarani kuomba ruhusa ya kufungua mlango kwa dakika kumi. Karani alimsikiliza kwa adabu, akampa fomu, akamwambia dirisha la kupokelea fomu hizo limejengwa vizuri sana, lipo ghorofa ya pili. Tunu alipanda. Dirisha lilikuwa na utepe.

*

Jumapili alasiri alikwenda kwa Tausi. Alimkuta kibarazani, nyuma ya cherehani yake, anakunja pindo la gauni. Kila baada ya mshono mrefu Tausi aliondoa mguu kwenye kanyagio akatulia kidogo, kana kwamba ana jambo anakumbuka. Tunu alijua analolisubiri.

"Dada umekonda," alisema Tausi. "Hebu nione huo mkasi wanaousimulia."

Tunu akautoa mfukoni. Tausi aliugeuza mkononi, akapitisha ukucha kwenye makali, akachukua kipande cha satini kutoka kwenye kapu la mabaki. Mkasi ukapita katikati yake bila hata sauti.

"Mzuri huu," alisema. "Mimi nilidhani pambo. Na utepe wenyewe ni kitambaa gani?"

"Kama hicho hicho."

"Satini nyepesi?"

"Nyepesi."

Tausi alicheka taratibu, akitunza pumzi. "Basi mkasi unao, utepe upo, seli zipo. Umekosa nini?"

"Mgeni Rasmi."

"Kwa nini usikate tu, dada?"

Tunu alimweleza. Alimwambia akikata watamfukuza kazi, pengine wamfunge, mashine wataichukua na jeni zake mia tisa na sitini watazimwaga, na nchi nzima hakuna mwingine anayejua kazi hii. Akitii na kusubiri, labda kesho Mgeni Rasmi atafika, na labda katika ile chupa zitakuwa zimebaki seli chache ambazo hazijaamua, na seli chache zinatosha kuanzia. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu mwenye akili zake, na kila neno lilikuwa kweli. Tausi alitikisa kichwa kukubali, kama mteja anavyokubali akiambiwa nguo itakuwa tayari wiki ijayo.

"Haya," alisema. "Ila utepe ule hata mimi nakata kwa meno."

Kabla hajaondoka, Tunu aliinama akalaza sikio kifuani mwa mdogo wake. Moja, mbili, tatu. Akabana pumzi. Alibana hadi macho yakamtoka machozi, ndipo ikaja moja.

*

Mgeni Rasmi alifika siku ya kumi, saa nne asubuhi, na msafara wa magari kumi na manane. Alikuwa mwembamba kuliko picha zake. Ukumbini alihutubia kwa saa mbili na robo.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuna nchi zinapandikiza jeni moja moja, kwa uchoyo. Sisi tunapandikiza mia tisa na sitini kwa mkupuo, kwa sababu sisi hatuna ubaguzi. Wanaotubeza waje waone. Walisema panya wetu hawawezi. Nani leo atasimama hapa aseme panya wa Sadikia hawezi?"

Hakusimama mtu. Yakapigwa makofi matatu, kikafuata kimya.

"Serikali yenu sikivu imeleta mashine yenye midomo tisini na sita. Nawauliza, upinzani una midomo mingapi?"

Makofi matatu, kimya.

Kisha wakahamia maabara. Tunu alitembea mbele na mkasi juu ya mto. Mgeni Rasmi alikata utepe, wapiga picha wakamwomba akate tena, ukaletwa mwingine akakata tena. Mlango ukafunguliwa. Sahani kumi zilikuwa zimekauka, vishimo vyote mia tisa na sitini vina ukoko wa rangi ya kutu. Tunu aliruka rafu ile kwa macho, akainamia chupa, akaichukua kwa mikono miwili akaiweka chini ya hadubini. Alitaka kutazama yeye kwanza. Bwana Ngwilo akamsogeza kwa kiwiko.

Mgeni Rasmi alitazama. Akatazama tena. Aliponyanyua kichwa uso wake ulikuwa umebadilika.

"Zinapiga makofi," alisema kwa sauti ndogo.

"Njooni muone wenyewe. Moja, mbili, tatu, kimya. Moja, mbili, tatu, kimya. Hakuna aliyeziamuru."

Bwana Ngwilo akatazama, akavua miwani akafuta macho. Mkubwa wa Kamati ya Usalama akatazama, akasema kwa unyenyekevu kwamba ile redio ilikuwa wazo lake. Mwisho kabisa wakamruhusu Tunu.

Chini ya kioo, kila mahali, seli zilikuwa zimeamua. Hakuna hata moja iliyokuwa inasubiri. Nyingi zilikuwa zimekuwa moyo, vibonge vyeupe vidogo vinavyojikunja na kujikunjua, na Tunu aliujua mdundo ule kabla hajaanza kuhesabu. Aliujua tangu ana miaka kumi na miwili. Vibonge vilijikunja mara tatu vikasimama, vyote kwa pamoja, na katika kusimama kule alibana pumzi.

"Mheshimiwa," alisema. "Hayo si makofi. Huo ni ugonjwa. Ni ugonjwa wa mdogo wangu. Hivi ndivyo unavyopiga moyo wake, na hapa nilikuwa nitafute jeni ya kuuponya."

Mgeni Rasmi alimtazama kwa huruma ya kweli. "Daktari, umechoka. Sheria ya nchi haiwezi kuwa ugonjwa. Na kama moyo wa mdogo wako unapiga hivi, hongera sana. Wengine tunafundishwa chekechea, yeye amezaliwa nao."

Makofi matatu, kimya.

Utafiti ukatangazwa kuwa umeanza na umekamilika siku hiyo hiyo, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya sayansi. Seli zikapewa jina la Seli Zalendo, zikamwagiwa dawa ya maiti zisiharibike, zikapelekwa Makumbusho ya Taifa, ambako ziko hadi leo na zimeacha kupiga. Mashine ya midomo tisini na sita ikafungwa utepe, ingoje mradi mwingine. Na kwa kuwa Mgeni Rasmi alivutiwa na jinsi alivyoubeba mkasi, Tunu aliteuliwa kuwa Mtunza Mkasi wa kudumu. Akapewa na mkoba wake.

*

Tausi alikufa siku ishirini baadaye, saa tatu asubuhi, mguu ukiwa kwenye kanyagio. Jirani aliyekuja kuchukua gauni alidhani anakumbuka jambo, akakaa kwenye benchi kumsubiri.

Serikali ilishtushwa. Iliamua kwamba mwanamke aliyezaliwa na mdundo wa sheria kifuani hawezi kuzikwa mahali hivi hivi, akapewa heshima ya kuwa mtu wa kwanza kuzikwa katika Makaburi mapya ya Wazalendo. Pale pana geti zuri, maua na bendera. Kaburi likachimbwa na vijana wa mtaani kwao, likasafishwa kingo, kisha Bwana Ngwilo akalizungushia utepe wa satini, kwa sababu makaburi hayo yalikuwa hayajazinduliwa.

Watu walifika saa mbili asubuhi. Saa sita jua lilikuwa la utosi. Akina mama walikaa kwenye mikeka chini ya turubai, wanaume kwenye viti vya plastiki, na jeneza lilikaa juani kwa kuwa kivuli cha pili kilikuwa cha Mgeni Rasmi. Watu wa dini waliambiwa wafunge vitabu kwanza. Saa saba mama mmoja akauliza kwa upole, akiwa amejifunika pua kwa upande wa khanga, kama haiwezekani kuendelea.

"Yupo njiani, mama," alisema Bwana Ngwilo.

Tunu alikuwa amekaa mbele, mkoba mapajani. Alikuwa hajalia tangu siku Tausi alipokufa. Saa nane alianza kutazama utepe. Ulikuwa umelegea kwa joto, unapepea kila upepo unapopita, na ua lake lilikuwa limefunguka upande mmoja. Alikumbuka lile la kwenye kabati. Alikuwa amesimama mbele yake siku kumi. Siku kumi mkasi ulikuwa mfukoni mwake, ukimgonga paja kila anapopiga hatua, na yeye alizunguka nyuma akatafuta tundu.

Akasimama. Akafungua mkoba, akatoa mkasi, akauacha mto uanguke mchangani.

"Daktari," alisema Bwana Ngwilo. "Daktari, kaa. Koplo, mzuie."

Koplo Sudi alikuwa amepangwa kwenye geti. Aliutazama mkasi, akamtazama Tunu, kisha akageukia barabarani.

"Amri yangu ni geti, afande," alisema.

Utepe ulikatika mara moja, bila sauti. Ncha mbili zikaangukia kwenye udongo mwekundu, na hakuna kilichotokea. Mbingu ilibaki mahali pake. Hakupigwa mtu risasi. Tunu alibaki ameinama na mkasi mkononi, akishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi, na hapo ndipo kilio kilipomjia, kilio cha sauti kubwa kisicho na adabu, na jina la Tausi ndani yake.

Waombolezaji hawakujua la kufanya. Walikuwa wameona utepe umekatwa, na mikono yao ilijua kinachofuata. Wakapiga makofi matatu.

Kikafuata kimya. Tunu akaacha kulia akabana pumzi, kama alivyozoea, akingojea moja.

Alingoja hadi vijana walipoanza kushusha jeneza.